Duka la Mtandaoni la Lugha Tatu: Anzia Kwenye Malipo, Si Kwenye Ukurasa wa Mbele

Swali huja kwa sura nyingi, lakini ni lile lile. Mtu ana duka la kanga, vikoi na viungo, liwe Unguja, Mombasa au Kariakoo. Wateja wa hapa anao. Ana pia jamaa walioko Muscat wanaoagiza kwa WhatsApp, na mtalii aliyerudi kwao Ujerumani akatamani kikoi cha pili. Anauliza: nitafunguaje duka moja mtandaoni ambalo kila mmoja wa hawa atalisoma kwa lugha yake?

Inawezekana, na kwa gharama inayobebeka, ukitumia WordPress na WooCommerce au mfumo mwingine wa aina hiyo. Lakini ukiwa na muda wa kusoma aya moja tu, soma hii: usianze kutafsiri ukurasa wa mbele. Anza na kitufe cha kununua, kikapu, fomu ya kulipia na barua pepe ya kuthibitisha oda. Maduka mengi ya lugha mbili yana "Karibu sana" ya kuvutia mlangoni, kisha mteja akifika kwenye kulipa anakutana na Kiingereza kitupu. Hapo ndipo anapofunga simu, maana hapo ndipo anapoombwa pesa.

## Kwanza, lugha ngapi?

Jizuie. Ukiweka lugha dukani umemwahidi mteja kwamba utamhudumia kwa lugha hiyo. Akiandika kwa Kiarabu kuuliza mzigo wake umefika wapi, nani atamjibu? Kama jibu ni "tutatumia mashine ya kutafsiri", subiri kwanza.

Jiulize haya kwa kila lugha:

- Nani hapa dukani anaweza kuiandika, si kuiongea tu?
- Mwaka huu nimepata oda au maulizo mangapi kutoka kwa watu wa lugha hii?
- Naweza kuwafikishia mzigo, na wao wana njia ya kunilipa?
- Bidhaa mpya zikiingia, nani atazitafsiri kabla hazijaisha?

Swali la nne watu hulipuuza, nalo ndilo zito. Bidhaa 40 kwa lugha 3 ni maelezo 120. Ukibadilisha neno moja kuhusu urefu wa kitambaa, umebadilisha mara tatu. Kanga zenyewe hazikai: toleo hili likiisha linaingia jingine.

Ushauri wangu ni lugha mbili kwanza, na ya tatu baadaye zile mbili zikishazoeleka. Kumbuka pia kwamba Waomani wengi wenye asili ya Zanzibar huongea Kiswahili nyumbani, ingawa shule wamesomea Kiarabu. Waulize wateja wako wa Muscat wanapendelea kusoma kipi kabla hujaingia gharama.

## Mfumo upi?

Usikeshe hapa. WooCommerce, iliyotoka mwaka 2011 na inayokaa juu ya WordPress, ndiyo ninayowashauri wengi. Sisemi ni bora kuliko zote. Ninachosema ni kwamba fundi anayeijua hutamkosa, na kampuni nyingi za malipo za ukanda wetu zina plagini yake. PrestaShop, iliyoanzia Ufaransa mwaka 2007, ina lugha nyingi na sarafu nyingi ndani yake bila kuongezewa kitu. Ukipata fundi wake, ni chaguo zuri. Drupal, tangu toleo la 8 la mwaka 2015, ina uwezo mkubwa wa lugha, ila kwa duka la watu wawili ni mzigo. Shopify huisimiki mwenyewe, unaikodi, na kodi yake ni ya kila mwezi.

Onyo moja lisilohusu lugha lakini siwezi kuliacha: domeni na hostingi ziandikishwe kwa jina lako na kwa barua pepe yako. Fundi akiandikisha domeni kwa jina lake, siku mkikosana jina la duka ni lake.

Kuanzia hapa nitazungumzia WooCommerce, lakini mengi yanafaa popote.

## Plagini ya lugha ni moja tu

WordPress yenyewe inashika lugha moja kwa tovuti. Nyingine zinaletwa na plagini. Zinazotumika sana ni hizi:

- WPML. Ya kulipia. Ina nyongeza mahususi ya WooCommerce inayounganisha stoku, sarafu na barua pepe. Ni kubwa na mipangilio yake ni mingi, lakini kwa lugha tatu na bidhaa nyingi haikuangushi.
- Polylang. Ya bure kwa kurasa na makala. Nyongeza yake ya WooCommerce ni ya kulipia, na wengi hugundua hilo wakiwa wameshafika katikati ya kazi.
- TranslatePress. Unatafsiri huku ukiutazama ukurasa wenyewe. Toleo la bure linakupa lugha moja ya ziada, kwa hiyo duka la lugha mbili linaweza kuanzia hapo.
- Weglot. Inatafsiri kwa mashine na kuhifadhi tafsiri kwenye seva zake. Unalipia kulingana na wingi wa maneno na lugha. Ukiacha kulipa, tafsiri zinatoweka dukani.

Makosa matatu yanajirudia. La kwanza ni kuweka plagini mbili za lugha kwa pamoja "ili kujaribu". Zinagombania anwani za kurasa na tovuti nzima inachanganyikiwa. Jaribu moja, iondoe, safisha, ndipo ujaribu nyingine.

La pili ni kupakua plagini ya kulipia iliyovunjwa ufunguo na kugawiwa bure kwenye makundi ya Telegram. Mara nyingi ndani yake kuna mlango wa nyuma, na duka lako linashika majina, namba za simu na anwani za watu.

La tatu ndilo baya zaidi: kuunda bidhaa mbili zisizounganishwa, "Kikoi cha bluu" na "Blue kikoi", kila moja na stoku yake. Kimebaki kikoi kimoja. Mteja wa Tanga anakinunua kwenye Kiswahili, wa Berlin anakinunua kwenye Kiingereza, na sasa una mtu mmoja wa kumrudishia pesa. Bidhaa iwe moja, yenye namba moja ya stoo na hesabu moja. Kinachozidi ni tafsiri yake. Fundi akikuambia "tutakopi tu bidhaa", muulize stoku itahesabiwa wapi.

## Anwani za kurasa na misimbo ya lugha

Kila lugha iwe na anwani yake inayoonekana: dukalako/sw/, dukalako/en/, dukalako/ar/. Usiache lugha ibadilike kimyakimya huku anwani ikibaki ile ile. Mteja akimtumia mwenzake linki, mwenzake lazima aone kile kile alichokiona yeye, na Google nayo ipate ukurasa wa kila lugha.

Msimbo wa Kiswahili ni "sw", uwe Tanzania, Kenya au Kongo. Msimbo wa lugha si msimbo wa nchi, na hapa watu huteleza kila siku. "ke" na "tz" si lugha. "om" ukiutumia kama lugha si Oman, ni Kioromo. "ug" ni Kiuighuri cha China, si Uganda. Ukitaka kutenganisha nchi, andika lugha kwanza: sw-TZ, sw-KE, ar-OM. Plagini nzuri hukuandikia alama za hreflang zinazoieleza Google kurasa zipi ni ndugu. Kazi yako ni kuhakikisha kila ukurasa unataja wenzake nao wanautaja.

Mambo madogo matatu:

- Hata kwenye kurasa za Kiarabu, sehemu ya anwani iandike kwa herufi za Kilatini. Herufi za Kiarabu zikibandikwa WhatsApp mara nyingi hugeuka msururu wa asilimia na tarakimu, na mteja anadhani ni linki ya matapeli.
- Kitufe cha kubadilisha lugha kiandike jina la lugha kwa lugha yenyewe: Kiswahili, English, العربية. Usitumie bendera. Kiswahili ungekipa bendera ya nani?
- Usimhamishe mteja kwa nguvu kufuata nchi aliyopo. Mswahili aliyeko Dubai asilazimishwe Kiarabu. Na uhamishaji huo ukigusa anwani ambayo kampuni ya malipo inaitumia kuleta taarifa kwamba pesa imelipwa, taarifa inaweza kupotea njiani. Mteja amelipa, wewe unaona oda haijalipwa, na simu zinaanza.

## Kazi ifuatane hivi

1. Duka liuze kwanza kwa lugha moja, mpaka pesa imeingia na mzigo umepokelewa. Lugha ya pili haitibu duka lisilouza.
2. Piga bakapu ya faili na ya kanzidata. Fanya kazi ya lugha kwenye nakala ya majaribio, si kwenye duka lililo wazi.
3. Weka kurasa nne za lazima kwa kila lugha: duka, kikapu, malipo, akaunti ya mteja. Ziunganishe.
4. Tafsiri maneno ya mfumo: vitufe, ujumbe wa makosa, fomu.
5. Tafsiri makundi ya bidhaa, kisha sifa kama rangi na saizi, kisha bidhaa zenyewe. Ukianza na bidhaa, rangi zitabaki na lugha ya kwanza na utarudia kazi.
6. Barua pepe za oda.
7. Masharti ya kurudisha bidhaa na sera ya faragha.
8. Ukurasa wa mbele na "Kuhusu sisi", mwisho kabisa.

Kuhusu hatua ya 3, kuna mtego wa siku hizi. Tangu mwishoni mwa 2023, maduka mapya ya WooCommerce huja na kikapu na ukurasa wa malipo vilivyojengwa kwa bloku. Plagini kadhaa za malipo za kwetu ziliandikwa kwa mtindo wa zamani, hivyo zinaweza zisitokee kabisa hapo, na baadhi ya maneno yanagoma kubadilika lugha. Kabla hujagombana na kampuni ya malipo, futa bloku na uandike [woocommerce_checkout] kwenye ukurasa huo. Ikirudi kufanya kazi, umeshajua tatizo liko wapi.

## Kiswahili cha dukani

Watu hudhani kazi ngumu itakuwa Kiarabu, kumbe Kiswahili ndicho kinachobaki nusunusu, kwa sababu kila mtu anaamini kitajitafsiri chenyewe. Usitegemee kwamba tafsiri zilizokuja na WordPress, themu na plagini zimekamilika. Weka plagini ya Loco Translate, fungua maneno ya WooCommerce, na uyapitie mwenyewe. Wakati wa kuhifadhi chagua folda maalumu ya Loco, si folda ya plagini yenyewe. Toleo jipya likija, lililo kwenye folda ya plagini hufutwa.

Utakutana na sentensi zenye alama ya %s. Hapo mfumo hupachika neno lake, mara nyingi jina la bidhaa. Usiifute wala usiiache ikagusana na neno jingine. Tatizo ni kwamba mfumo haujui ngeli. Ukitafsiri "%s imeongezwa kwenye kikapu", kanga itakubali, lakini utapata pia "Kikoi imeongezwa", "Mkeka imeongezwa" na "Viungo imeongezwa". Mteja ataelewa, ila ataona duka la mtu asiyejali. Dawa ni kuipanga sentensi upya ili kitenzi kisimfuate mgeni asiyejulikana:

- "Umeweka kikapuni: %s"
- "Umeondoa: %s"
- "Bidhaa hii imeisha", badala ya "Imeisha" peke yake
- "Bidhaa zilizobaki: 3", badala ya "3 zimebaki"

Neno "bidhaa" likitangulia, ngeli inatulia.

Andika orodha ya istilahi zako kwenye karatasi moja na uibandike ukutani: oda, kikapu, kulipia, nauli ya mzigo, punguzo, kurudisha. Ukichagua "oda", isigeuke "agizo" ukurasa wa pili na "amri" kwenye barua pepe. Mashine ya kutafsiri hupenda sana hiyo "amri", na usafirishaji wa bure huugeuza kuwa meli. Itumie kupata rasimu, kisha mtu asome kwa sauti kila neno litakalobonyezwa na kila neno linalohusu pesa.

Halafu saa. "Oda zikiingia kabla ya saa 8 mchana tunasafirisha siku hiyo hiyo." Kwenye Kiingereza hiyo ni saa mbili ya kwao, mchana. Mashine huiacha 8 ibaki 8, na Mjerumani anadhani amechelewa tangu asubuhi. Pitia kila ukurasa uliotaja saa na urekebishe kwa mkono. Kwenye mipangilio ya WordPress chagua pia mji wako, Dar es Salaam au Nairobi, maana usipochagua saa ya duka itakuwa ya UTC, saa tatu nyuma. Muscat iko saa moja mbele yetu. Ukiandika muda wa mwisho wa oda kwenye Kiarabu, taja ni saa za wapi. Tarehe nazo zitajie mwezi kwa jina. 03/04 ni Aprili kwako na Machi kwa Mmarekani.

## Mteja anatafuta "vikoi", wewe umeandika "kikoi"

Kisanduku cha kutafutia cha WordPress kinalinganisha herufi kama zilivyo. Kwa Kiingereza umoja na wingi hutofautiana mwishoni, hivyo wanaponea. Sisi tunabadilisha mwanzo wa neno. Anayeandika "vikoi" hatapata "kikoi", na anayeandika "mikeka" hatapata "mkeka". Anapewa jibu kwamba hakuna kitu, na anakuamini.

Kwa hiyo, kwenye maelezo mafupi ya kila bidhaa:

- taja umoja na wingi ndani ya sentensi ya kawaida;
- taja majina ya pande zote: kanga, khanga, na leso kama unauza Mombasa;
- kwenye Kiingereza weka "kanga" na maelezo yake, kwa kuwa aliyewahi kufika Zanzibar anatafuta kwa jina hilo hilo.

Maandishi yaliyochapwa kwenye kanga yaache kwa Kiswahili katika jina la bidhaa, ndiyo yanayomtambulisha mteja kanga ipi. Maana yake ieleze kwenye maelezo ya kila lugha. Na kipimo kiseme waziwazi: bei ni ya doti au ya kipande? Mgeni hajui doti ni vipande viwili. Andika, pamoja na urefu kwa sentimita.

## Ukiongeza Kiarabu

Kiarabu kinasomwa kutoka kulia, kwa hiyo ukurasa mzima unageuka: menyu, picha za bidhaa, mishale. Chagua themu inayotamka wazi kwamba inakubali mwelekeo huo. Kisha uiangalie kwa simu, si kwa kompyuta tu, ukizingatia:

- mishale ya "endelea" na "rudi" imegeuka?
- namba za simu zenye alama ya + mbele: huwa zinaruka na + kwenda upande mwingine;
- majina ya Kilatini katikati ya sentensi ya Kiarabu;
- fonti. Themu nyingi zina fonti ya Kilatini tu, na Kiarabu kinatokea kidogo mno kusomeka.

Kiarabu kina maumbo sita ya kuhesabu, na faili la tafsiri litakuuliza yote sita. Mpe kazi hiyo anayejua, umlipe. Na usiweke maneno ndani ya picha. Bango la "Punguzo la Idi" lililochorwa kama picha litabaki Kiswahili milele katika kurasa zote.

## Pesa: sarafu na malipo

Hapa nenda taratibu. Tenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya: bei inaonyeshwa kwa sarafu gani, na inatozwa kwa sarafu gani. M-Pesa ya Kenya inatoza shilingi za Kenya, basi. Ukimwonyesha mteja dola kisha ukamtoza shilingi, mwambie kabla hajabonyeza, pamoja na kiasi kamili kitakachotoka.

Lugha isiamue sarafu. Anayesoma Kiingereza anaweza kuwa Arusha. Anayesoma Kiswahili anaweza kuwa London. Mpe mteja kitufe cha sarafu kilicho mbali na kile cha lugha.

Angalia desimali:

- Shilingi: sifuri. Malipo ya M-Pesa yaende kwa namba kamili. Bei yenye senti inayotokana na kubadilisha dola huweza kukataliwa. Izungushe.
- Dola na yuro: mbili.
- Riali ya Oman: tatu, kwa kuwa riali 1 ni baisa 1,000. Riali nne na nusu huandikwa 4.500, na mtu wa huku akiiona bila jina la sarafu anaweza kuisoma elfu nne na mia tano. Weka jina la sarafu kila mahali, si alama peke yake.

Riali imefungwa kwa dola, na tangu 1986 riali 1 ni takriban dola 2.60, hivyo bei ya riali ikishapangwa kutokana na dola haitakusumbua. Shilingi ndiyo inayocheza. Amua ni mara ngapi utarekebisha kiwango, na uache nafasi ya makato ya kampuni ya malipo.

Njia za malipo zifuate mteja aliko. Wa hapa aone pesa za simu na lipa unapopokea. Wa nje aone kadi. Kumwonyesha mtu wa Hamburg kisanduku cha namba ya M-Pesa au Airtel ni kumchosha bure. Kabla hujamlipa fundi, uliza kampuni ya malipo maswali matatu: mfanyabiashara wa nchi yangu anaruhusiwa *kupokea*, si kulipa tu? Pesa inanifikia baada ya siku ngapi? Ukurasa wenu wa malipo una lugha zipi? La mwisho halina ujanja. Mteja akihamishiwa kwenye ukurasa wao wa Kiingereza, mwandalie sentensi moja ya Kiswahili kabla hajaondoka dukani: utaletewa ombi kwenye simu, weka namba yako ya siri, usifunge ukurasa huu.

## Anwani ya kupelekea

Fomu ya WooCommerce imetengenezwa kwa kufikiria nchi zenye namba za nyumba. Kwa mteja wa ndani ondoa ulazima wa postikodi na ongeza sehemu ya "alama ya karibu": msikiti, shule, kituo cha daladala. Simu iwe lazima. Kwa mteja wa nje ambaye nchi yake hutumia postikodi, irudi kuwa lazima, la sivyo mzigo unaweza kurudi. Mipangilio hii huwekwa kwa nchi, si kwa lugha.

## Mnayonipinga nayo

"Kwani nikiweka kitufe cha Google Tafsiri haitoshi?" Kwa mtu anayepita kuangalia, inatosha. Kwa duka, hapana: barua pepe ya oda haitatafsiriwa, na bei na vipimo huweza kuchezewa bila wewe kujua.

"Wateja wangu wote wanajua Kiingereza." Wanajua kusoma "Buy". Sera ya kurudisha bidhaa je? Mtu anayelipa kwa mara ya kwanza duka asilolijua anasoma kila neno, na anapokwama anaacha.

"Si nitengeneze tovuti tatu tofauti?" Unaweza, kama una wafanyakazi watatu. Stoku tatu, masasisho matatu, bakapu tatu.

"Sera ya faragha nani anaisoma?" Pengine hakuna. Lakini Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, Tanzania ilitunga yake 2022, na Ulaya ya kwao inatumika tangu 2018 na inamgusa anayewauzia watu walioko kule. Mteja aliyenunua kwa Kiswahili aikute sera kwa Kiswahili.

## Kabla ya kufungua mlango

Kaa na simu ya bei ya kawaida, kwa bando, si Wi-Fi. Kwa kila lugha nunua bidhaa moja ya bei ndogo kwa pesa halisi, ukiangalia:

- Je, kuna neno la lugha nyingine popote kati ya bidhaa na "asante"? Kosea makusudi: acha simu wazi, andika barua pepe mbovu. Ujumbe wa makosa ndio husahaulika.
- Barua pepe ya mteja imekuja kwa lugha aliyonunulia? Ya kwako wewe mwenye duka imekuja kwa lugha yako? Hizi ni mbili tofauti.
- Stoku imepungua moja katika lugha zote?
- Ukibadilisha lugha ukiwa na vitu kikapuni, vimebaki?
- Fungua ukurasa kwa Kiswahili, kisha kwa Kiarabu, kisha rudi. Ukiona Kiarabu mahali pa Kiswahili, ni kashe, yaani nakala ya ukurasa iliyohifadhiwa ili tovuti ifunguke haraka. Iambie plagini ya kashe iviache kikapu, malipo na akaunti, *kwa anwani za lugha zote*. Watu huiambia iache anwani ya kwanza tu.

Kisha mpe simu mtu asiyeijua kazi yako, mwambie anunue, na ukae kimya. Usimwelekeze. Anapouliza "hapa nifanyeje?", andika ni ukurasa gani na neno gani.

## Ukishafungua

Bidhaa mpya isitoke hadharani mpaka iwe na lugha zote, au angalau jina, bei na vipimo. Mwenye haraka aifungue kwa lugha moja na kuificha kwenye nyingine. Kurasa za nusu Kiswahili nusu Kiingereza zisionekane.

WooCommerce, themu na plagini ya lugha zikitangaza matoleo mapya, usibonyeze usiku wa kuamkia Idi. Sasisha kwenye nakala ya majaribio, siku ya biashara ndogo, ukianza na bakapu. Plagini ya lugha na nyongeza yake ya WooCommerce zisasishwe pamoja. Ukimaliza pitia njia ile ile ya kununua, kwa lugha zote, kwa sababu kila toleo huja na sentensi mpya ambazo hazijatafsiriwa, na nyingi hujitokeza kwenye ukurasa wa malipo. Fungua Loco, sawazisha faili, tafsiri zilizo tupu. Kama ulichagua folda sahihi pale mwanzo, za zamani zitakuwa bado zipo.